Nilivyopata majibu ya kueleweka kuhusu haki za mpangaji hapa Dodoma

Hapa Dodoma ushauri wa mambo ya kupanga hutaukosa, shida ni kwamba kila mtu ana sheria yake. Dalali ana yake, boda wa kijiweni ana yake, na group la WhatsApp la ofisini ndo usiseme. Mimi ilinibidi nijue ya kweli ni ipi maana mwenye nyumba wangu, mama mmoja mtu mzima huku Ilazo, aliniambia kwa mdomo tu, tena tukiwa tunaanua nguo, kwamba mwezi ukiisha nimpishe, chumba na sebule kimepata mtu wa wizarani atakayelipa laki mbili na nusu wakati mimi nalipa laki na themanini. Nikiweza hiyo bei nibaki, ila nilete ya miezi sita kwa mkupuo. Mkataba wa maandishi hatukuwahi kuwa nao, tulikubaliana bei ya mwezi na nikawa nalipa mitatu mitatu, basi.

Simlaumu sana, tangu 2016 serikali ilipotangaza kuhamia huku hizi hadithi zipo kila mtaa, Ilazo, Kisasa, Area D, mpaka Nzuguni. Ila na mimi nina mtoto anasoma hapo hapo karibu, siwezi kuhamishwa kama gunia.

Nikarusha swali kwenye group. Wa kwanza akasema serikali ilishapiga marufuku kodi ya miezi sita, mwambie utampeleka mbele. Wa pili akasema mpangaji ana haki ya notisi ya miezi mitatu hata iweje. Wa tatu akatuma PDF ya sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, nikaifurahia kweli maana ina mambo matamu kwa mpangaji, baraza la nyumba, ukomo wa kodi, kila kitu. Nikasogea juu kuangalia mwaka: 1984. Nikauliza kama bado inatumika, kimya. Kuja kufuatilia, kumbe ilifutwa 2005, na toka hapo nyumba za kawaida za watu binafsi hazina ukomo wa kodi uliopangwa na serikali, ni makubaliano yenu wawili. Sheria imekufa miaka ishirini iliyopita lakini kwenye simu za watu bado inazunguka ikiwa nzima kabisa!

Kuanzia hapo kila aliyenishauri nilimuuliza maswali mawili tu, imeandikwa wapi na ni ya mwaka gani. Jamani jaribuni hii, watu wanapungua ghafla. Hata ile ya marufuku ya miezi sita, ukiifuatilia unakutana na kauli za viongozi kwenye habari, ni kweli mawaziri wa ardhi wamewahi kulisemea hilo jambo, lakini kauli ya waziri kwenye mkutano siyo kifungu cha sheria, na kwenye Sheria ya Ardhi sikukuta sehemu inayomkataza mwenye nyumba kuomba miezi sita. Kwa hiyo hiyo silaha nikaiweka chini mapema, afadhali niijue nikiwa nyumbani kuliko nikaumbuke nayo mbele ya watu.

Kilichonisaidia zaidi ni TanzLII, ni tovuti ya bure ina sheria za nchi na hukumu za mahakama. Kijana wa jirani anayesoma sheria Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ndo alinielekeza na akanipa mbinu moja nzuri sana, kwamba usianze na sheria, anza na hukumu. Tafuta kesi ya mpangaji na mwenye nyumba ya miaka ya karibuni, soma uone jaji ametaja sheria gani, hiyo ndo iliyo hai. Hukumu nyingi ni za Kiingereza na zinachosha, ila hauhitaji kusoma yote, unatafuta majina ya sheria tu. Nikaona inajirudia Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ile ya 1999, mambo ya upangaji yako Sehemu ya Tisa. Angalia na toleo pia, maana toleo jipya la sheria zote, la 2023, limeanza kutumika Julai 2025, usije ukamtajia mtu namba ya kifungu kutoka kwenye PDF ya zamani akakuambia hakipo.

Sasa humo ndani nikakuta kitu changu. Kama hamkupanga muda wa kukaa, upangaji wenu unahesabika kwa vipindi, kipindi chenyewe ni kile ambacho kodi inalipwa kwa kukifuata, na anayetaka kuuvunja anatoa notisi isiyopungua kipindi hicho, na notisi iishe siku ambayo ni ya kulipa kodi. Siyo katikati ya kipindi. Pia mpangaji anayelipa kodi anatakiwa aachwe akae kwa amani, na kama umepanga sehemu tu ya nyumba basi paa, kuta za nje na mifereji mikuu ni juu ya mwenye nyumba kutengeneza.

Hapo nikakwama kidogo. Kipindi changu ni mwezi au miezi mitatu? Bei tuliipanga kwa mwezi, kulipa nalipa mitatu. Nikaenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata yetu, hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatozi hela, ingawa hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani kama wakili. Dada yule nilimpenda bure. Hakunitia moyo wa uongo, aliniambia wazi hapo pana mabishano, mwenye nyumba anaweza kusema ni mwezi na wewe ukasema ni mitatu, risiti zako ndo zitakusemea. Akaniuliza kodi nimelipia mpaka lini. Nikamwonyesha, bado kulikuwa na miezi miwili mbele. Akacheka, "sasa dada mwezi ukiisha unatoka vipi na hela yake ameshakula?"

Akanielewesha na njia yenyewe, maana mtaani wanakuambia nenda Baraza la Kata likamhukumu. Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata kazi yake kwenye ardhi ni kusuluhisha tu, wakishindwa ndo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwangu haikufika huko.

Jioni nikaenda kwa mama na daftari langu la risiti. Shikamoo, marahaba mwanangu, tukaongea kwanza habari za mvua na zabibu zake za Hombolo, maana kwa mtu mzima huwezi kuanza na kifungu. Halafu nikamwambia mama, kupandisha bei ni haki yako sibishi, ila kodi niliyolipa inafika mwezi fulani, naomba notisi uniandikie iishe siku hiyo. Akauliza nani kaniambia. Nikamsomea ile sehemu kwenye simu, kwa Kiswahili changu mwenyewe. Akanyamaza, akamwita mwanae mkubwa aje asome na yeye, kijana akasoma akasema mama hapo ana hoja.

Na kwa kuwa tulikuwa tumekaa vizuri nikachomekea na kodi ya jengo. Ile inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilianza 2021 kwa 1,000 kwa mwezi, toka Julai 2023 ni 1,500 kwa nyumba ya kawaida, na anayedaiwa kisheria ni mwenye nyumba, mpangaji unailipa tu kwa vile wewe ndo unanunua umeme. Mita ninayotumia ni ya kwangu peke yangu, meseji za tokeni ninazo. Hiyo alibisha kweli kweli! Mwisho akakubali kunirudishia ya mwaka huu tu, ya nyuma akasema nimsamehe, nikamsamehe.

Kule Ilazo nilishahama, sasa hivi niko Ipagala, laki mbili, nalipa miezi mitatu mitatu. Mkataba umeandikwa, kipindi cha notisi kimetajwa kwa maneno na kwa tarakimu, kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, na shahidi ni mwenyekiti wa mtaa. Dalali alininunia kidogo, anasema namcheleweshea wateja.