Tunakula karamu na aliye hai

Katika makanisa mengi niliyoshiriki huku ughaibuni, Meza ya Bwana, yaani ushirika wa mkate na kikombe, hukaribiwa kama msiba. Vichwa vimeinama, nyimbo ni za Golgotha tu. Naelewa sababu yake. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kila mwulapo mkate huu na kukinywea kikombe hiki, "mwaitangaza mauti ya Bwana". Ila hakuishia hapo. Aliongeza, "hata ajapo". Nani humngoja maiti? Anayengojwa yu hai.

Someni Luka 24. Wale wawili wa njia ya Emau walitembea na Yesu, akawafafanulia Maandiko, mioyo ikawawaka, na bado hawakumjua. Walimtambua mezani, alipoutwaa mkate, akaubariki, akaumega, akawapa. Ndivyo alivyofanya usiku ule wa kusalitiwa, na sasa anaumega akiwa ametoka kaburini. Petro naye, nyumbani kwa Kornelio, aliposhuhudia kwamba Yesu amefufuka hakutaja kaburi tupu. Alisema wao walikula na kunywa pamoja naye baada ya kufufuka kwake.

Nilifiwa na mama nikiwa huku, vibali vyangu vya ukaazi havijakamilika, nikashindwa kwenda kumzika. Uchungu wa kutomzika mzazi hauondoki kwa kupiga simu. Kilichonishika ni meza hii. Mama alilala katika Kristo, nami nampokea Kristo huyohuyo, naye hafi tena. Sisemi kwamba machozi yalikoma. Nasema kwamba nililia mbele ya aliyelishinda kaburi, na kwa mfiwa hiyo ni tofauti kubwa mno.

Katikati ya karne ya 2, Yustino Mfiadini, mzaliwa wa Palestina aliyehamia Rumi (mhamiaji mwenzetu, nami hulipenda hilo), alieleza kwamba Wakristo walikusanyika Jumapili kwa kuwa ndiyo siku aliyofufuka Yesu Kristo. Walishukuru, wakagawana mkate na kikombe, kisha mashemasi wakawapelekea wasiokuwepo. Tangu zamani hizo, asiyekuwepo alihesabiwa kuwa wa meza ileile.

Ndugu yangu unayefanya kazi zamu za Jumapili, au unayeona haya kuingia kanisa la watu usiowajua, zungumza na padri au mchungaji aliye karibu nawe. Mwambie unaitamani Meza ya Bwana, muulize ni siku gani nyingine unaweza kushiriki.