Bambo ndo kazi, mashine inamalizia tu

Nikisema mi ni fundi wa maabara ya chakula watu wanaona koti jeupe na hadubini, wapi! Nusu ya kazi yangu iko juu ya magunia, vumbi la mahindi mpaka masikioni, mkononi nina bambo, kile kichuma chenye ncha cha kuchomea gunia utoe punje.

Sumukuvu bana, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, ina tabia mbaya, haikai gunia zima, inaweza ikajificha kwenye punje chache tu zilizopata unyevu, unachoma bambo hapa safi, unachoma shibiri moja pembeni balaa. Na kikomo cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo, jicho halioni, ulimi hausikii, na usidhani ugali ukiiva ndo imekufa. Dodoma na Manyara wanakumbuka 2016, waliugua watu 68 na 20 wakafariki.

Sasa mwaka wangu wa kwanza nilitega. Jua la saa nane, mzigo umepangwa mpaka karibu na bati, nikachoma yale ya mbele tu niliyoyafikia, nikasaga, nikatikisa na methanoli, nikachuja, kipimo kikasoma 4, nikafurahi kweli. Bosi akaniuliza "ulipanda juu? ulishusha ya chini?" nikajifanya natafuta kalamu. Kesho yake tukarudi wote wawili, tukashusha, kumbe ya chini yamelala kwenye sakafu hata chaga hakuna. Kipimo kikasoma 37. Mzigo uleule jamani! Mchana ule sikula.

Tangu hapo nachoma juu, katikati, chini, na sampuli nasaga YOTE kabla ya kupunguza, maana ukichota punje kiganja kimoja ukasaga hicho tu unacheza bahati nasibu.

Wenye mzigo wananichukia kidogo, wiki iliyopita mama mmoja kanishikia kiuno, "we mwanangu unanitobolea magunia, na hizo kilo unazobeba nani ananilipa?" Nikambembeleza, shikamoo mama, dakika mbili tu, nikawa natoa mashine ya unyevu. Akachukua punje akang'ata, akatema. "Hayajakauka haya, nilimwambia yule kijana ayarudishe kwenye turubai." Nikaweka kwenye mashine: unyevu asilimia 15.8, na mwisho ni 13.5. Akanitazama tu, wala hakucheka.

Kilo zake nilimrudishia zilizobaki.