Hariri, magadi na mbolea ya yurea

Hariri mbichi ukiishika mara ya kwanza unaweza kudhani umeuziwa katani, ngumu, inakwaruza, haing'ai kabisa. Ni gundi hiyo, inaitwa serisini, kiwavi anaitumia kubandika nyuzi zake na inabeba kama asilimia 20 mpaka 30 ya uzito wote, hariri yenyewe ni fibroini, protini iliyoko ndani. Kwa hiyo kazi ya kwanza siku zote ni kuitoa gundi. Kwa miaka na miaka watu wamechemsha na sabuni ya mafuta ya zeituni au magadi soda, na inafanya kazi wala sibishi, ila ukizidisha magadi au muda uzi wenyewe unaliwa unakuwa dhaifu, halafu yale maji machafu yenye serisini na sabuni yakimwagwa mtoni yanamaliza oksijeni na samaki ndo wanaolipia.

Sasa kuna hivi viyeyushi vipya, yaani vimiminika vya kuyeyushia vitu kama hiyo gundi, vinanifurahisha sana. Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walionyesha kwamba ukichanganya koline kloridi (ndiyo, ile ya kwenye chakula cha kuku) na yurea (ndiyo, mbolea) kwa uwiano wa moja kwa mbili unapata kimiminika. Yurea peke yake inayeyuka kwenye joto la nyuzi 133 za Selsiasi, koline kloridi 302, mchanganyiko wao nyuzi 12 tu! Yaani ungaunga mbili zinakutana zinakuwa uji. Baadaye watu wa hariri wakaujaribu kuvua serisini, na uzuri wake haurukiruki hewani kama viyeyushi vya petroli, na unaweza kuutumia tena.

Lakini tusidanganyane na neno kijani, yaani rafiki wa mazingira, wanalovipa viyeyushi hivi. Uji wenyewe ni mzito, inabidi uupashe moto au uuongeze maji ndo upenye kwenye nyuzi, ukiupasha sana yurea inaanza kutoa harufu ya amonia, na mwisho lazima usuuze uzi kwa maji. Yale maji yanaenda wapi? Muuzaji wa kiyeyushi asipokujibu hilo achana naye. Na yurea yenyewe kwa sehemu kubwa inatengenezwa kwa gesi asilia, koline nayo inatoka kwenye kemikali za petroli.

Mimi kwa karakana ndogo bado niko upande wa maji matupu kwenye presha kuka, joto la nyuzi kama 120, au papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai bichi, kilekile kinacholainisha nyama, kwa sababu serisini nayo ni protini na papaini inaitafuna bila kuchemsha, na hiyo serisini ukiikusanya watu wa vipodozi wanaitaka.

Ukitaka kujaribu anza na gramu 10, kausha vizuri, pima uzito kabla na baada ya kutoa gundi. Ikipungua gramu moja tu ujue gundi bado ipo, rudisha jikoni, ikipungua nne hapo umeshaanza kula hariri yenyewe.