Siku moja maishani mwangu: daktari wa meno na jino linalowaka ndani

Saa 1 na nusu asubuhi nishafika kliniki hapa Mbagala, vifaa vinachemka, foleni ishaanza maana mwenye jino linalouma hasubiri mtu.

Saa 2 kaanza dada mmoja, maji baridi yakigusa jino linamchoma, akishameza maumivu yanakata hapo hapo. Hali hii napenda sana kuikuta, maana zile seli zinazotengeneza jino zishashtukia bakteria, zimeita chembe nyeupe za damu na zenyewe zinajenga ukuta mpya kwa ndani kuikinga nyama laini iliyo ndani ya jino, yenye neva na mishipa ya damu. Nikatoa uozo, nikaziba, kaenda zake.

Saa 4 sasa ndo akaingia kijana wa bodaboda, macho mekundu, hajalala, anasema akijilaza tu jino linadunda bora akae. Kashameza antibayotiki, amoksilini za duka la dawa, wapi! Nikamwambia sikiliza mdogo wangu, sehemu nyingine kinga ikipigana panavimba kwa sababu ngozi inatanuka, ila jino kuta zake ngumu pande zote, damu inajaa, maji yanavuja kwenye mishipa, pa kutanukia hakuna, presha yote inakandamiza neva, na ukilala damu inazidi kwenda kichwani ndo maana usiku unateseka. Antibayotiki haishushi hiyo presha. Hata ganzi iligoma mwanzoni, nyama iliyowaka hivyo inakuwa na asidi na ganzi haishiki vizuri, ikabidi niongeze sindano. Nilipotoboa, damu nzito ikabubujika, kijana akashusha pumzi, "aisee dokta".

Saa 8 mchana bibi kaletwa na mjukuu wake, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, hili lilinitesa sana ila sasa limenyamaza, limepona. Halijapona jamani, nyama ya ndani imekufa! Eksirei ikaonyesha doa jeusi kwenye ncha ya mzizi, pale chembe za kinga zimejipanga kuzuia bakteria wasisambae, na katika vita hiyo mfupa wa taya umeliwa. Nikamweleza taratibu kwamba tukisafisha mzizi vizuri na kuuziba, mfupa unaweza kujijenga tena, kakubali.

Saa 11 jioni bodaboda kapiga simu, kalala mchana kutwa, anauliza lazima arudi? Nimemwambia wiki ijayo bila kukosa, nilichoziba ni cha muda, nyama ya ndani nishaitoa, na bakteria wakiingia tena humo hamna damu ya kupeleka kinga.