Siku tisa Ketumbeine

Tulijiandaa miezi mitano. Vijana 14 wa usharika wetu wa Dar es Salaam tulipitisha kadi za michango kila Jumapili baada ya ibada, tukachapisha fulana, tukakodi jenereta na spika mbili, tukapanga mikutano minne ya injili ya jioni. Mimi nilikuwa katibu wa safari, kwa hiyo daftari nilikaa nalo mimi. Ukurasa wa kwanza niliandika kwa kalamu nyekundu: watu 200 wampokee Yesu. Namba hiyo niliitoa kichwani mwangu tu, lakini tulivyoiombea wiki baada ya wiki nikaanza kuiona kama ahadi ya Mungu mwenyewe.

Tulifika upande wa Ketumbeine, wilaya ya Longido, wiki ya pili ya Januari 2022. Anayeukumbuka mwaka ule anajua tulikuta nini. Mvua za vuli zilikuwa zimegoma, na ng'ombe walikuwa wanakufa kuanzia Simanjiro mpaka huko Longido. Tulipoiacha lami ya Namanga na kuingia njia ya vumbi, tuliacha kuimba ndani ya gari kwa sababu ya mizoga. Wanaume wengi walishahama na mifugo yenye nguvu kufuata malisho. Bomani walibaki wanawake, watoto, wazee na ng'ombe ambao hawangeweza safari.

Jioni ya kwanza tulifunga spika, kwaya ikaimba, jua likizama nyuma ya Oldonyo Lengai. Nilihesabu watu 11, sita kati yao watoto. Kesho yake walikuja tisa. Kina mama hatukuwaona kabisa, maana walikuwa wanaondoka alfajiri na punda kutafuta maji na kurudi giza limeshaingia.

Usiku ule nililia hemani. Nilimlaumu Mungu, kisha nikamlaumu mwinjilisti wa pale kwa kutotuambia. Halafu nikakumbuka kwamba alituambia. Alinipigia Desemba akasema, "Dada, huku hali ni ngumu." Nami nikamjibu haraka kwamba Mungu ni mwaminifu, tunakuja. Sikumuuliza ni ngumu vipi. Ukweli huo uliniuma kuliko viti vitupu.

Asubuhi nilimfuata kabla ya chai. "Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, dada. Umelalaje?"

"Salama. Leo wewe una kazi gani?"

Akasema, "Naenda kunyanyua ng'ombe."

Sikuelewa, nikamfuata tu. Ng'ombe aliyedhoofika kwa njaa akilala usiku, asubuhi hawezi kuinuka mwenyewe, na asipoinuliwa hainuki tena. Mmoja anashika mkia pale unapoanzia, wawili wanapitisha mikono chini ya mbavu, mwingine anashika pembe kuelekeza kichwa. Miguu ya nyuma inatangulia, kama anavyoinuka ng'ombe mwenye afya. Niliwekwa ubavuni. Ngozi ilikuwa imelegea juu ya mifupa kama shuka, na nilisikia moyo wake ukipiga kwenye mkono wangu. Alisimama, akatetemeka, akabaki wima. Koko, yaani bibi, mwenye boma alimtia konzi moja ya majani makavu mdomoni, akaniambia, "Ashe," yaani asante. Asubuhi ile tuliinua saba. Wa nane alikataa, tukamwacha.

Sikufika mahali siku moja nikaamua kuachilia matarajio yangu. Nilichofanya ni kumrudia mwinjilisti kila asubuhi na swali lilelile kabla sijafungua daftari, na alichonijibu ndicho kikawa ratiba yetu. Siku nyingine niliuliza kwa moyo mzito. Moyo ulikuwa bado unataka spika na umati, miguu ikaenda kwenye maji.

Wenzangu hawakufurahi wote. Kaka mmoja alisimama kwenye kikao cha usiku akasema, "Tulichangiwa pesa za injili, siyo za ng'ombe." Simlaumu hata leo, kwa kuwa alisema nilichokuwa nacho moyoni juzi yake, na ni kweli kwamba matarajio hayakuwa yetu peke yetu. Kulikuwa na wajane waliotoa elfu mbili mbili wakingoja ushuhuda. Tulifungua Matendo ya Mitume 16 tukaisoma taratibu. Paulo anataka kwenda Asia, Roho anamzuia. Anajaribu Bithinia, anazuiwa tena. Usiku anaona mtu wa Makedonia akimwita, anavuka bahari, anafika Filipi, na watu anaokutana nao kwanza ni wanawake waliokusanyika kando ya mto. Anaketi, anazungumza nao. Nilikuwa nimeisikia sura hiyo mara nyingi, ila sikuwahi kugundua kwamba hata Paulo hakukuta kile alichokiona katika maono. Yule kaka alikaa kimya. Asubuhi alikuwa wa kwanza kushika mkia wa ng'ombe.

Siku ya tano sisi mabinti tulienda na kina mama kisimani. Tulitoka usiku bado, punda wakiwa na madumu mbavuni. Mimi siwezi Kimaasai zaidi ya kuitikia "Iko" nikiamkiwa "Takwenya," na wengi wao Kiswahili hawakukipenda sana. Tulitembea. Kwenye foleni ya maji, binti mmoja aliyesoma alianza kututafsiria, na hapo wakaanza kutuuliza maswali yao: kwa nini Mungu aliyeumba mvua anaizuia, na je, anawasikia watoto wao wakilia usiku? Sikuwa na hubiri la maswali hayo. Nilisema nami namuuliza. Tuliomba pamoja pale, kila mmoja kwa lugha yake, kwa wakati mmoja, madumu yakiendelea kujaa.

Tuliporudi, mama mmoja alitukaribisha ndani. Nyumbani tulikuwa tumeonywa tujizoeze maziwa ya kibuyu, kwamba kukataa ni kumdharau mwenyeji. Mama yule alitupa chai ya rangi. Alipoweka vikombe alisema maneno mengi akitazama chini, na binti akatafsiri: anaomba msamaha, maana hajawahi kumpa mgeni chai isiyo na maziwa. Kibuyu kilikuwa kimetundikwa ukutani, kikavu. Tulikunywa chai ile yote.

Kulikuwa na fedha za kupaka rangi kanisa dogo la pale na kuandika jina la usharika wetu mlangoni. Nilikuwa nimeshawaza mpaka picha yake. Nilipomuuliza mwinjilisti, alisita sana, kisha akasema pikipiki yake haina tairi la nyuma, na ana mitaa mitano ya kutembelea. Tulinunua tairi mbili na tyubu, zilizobaki tukanunua pumba za mahindi. Kanisa tuliliacha na rangi yake ya zamani.

Jumapili tuliporudi nilisimama mbele ya usharika na daftari. Nilisema kweli: jioni ya kwanza watu 11, ya pili tisa, mikutano miwili haikufanyika. Nikasimulia ng'ombe, kisima na chai. Nilitegemea ukimya. Ibada ilipokwisha, mama mmoja mzee, mmoja wa wale wa elfu mbili, alinisubiri mlangoni.

"Mwanangu, yule uliyemshika wewe ubavuni, bado anasimama?"

Sikuwa na jibu. Nilimpigia mwinjilisti, mtandao ukamkosa mpaka Jumanne. Akaniambia alisimama siku nne baada ya sisi kuondoka, ya tano akashindwa, ila wawili wa boma lile wanakula pumba na wanainuka wenyewe. Jumapili iliyofuata nilimpelekea mama jibu hilo kama lilivyo. Alifungua fundo la kanga, akatoa elfu tano, akasema ni ya pumba za hao wawili.