Utuopoe maovuni: Jumamosi moja ya mwalimu wa dini kando ya Ziwa

Saa 11 alfajiri

Saa yangu ni wavuvi wa dagaa. Siku za giza, mwezi usipokuwapo, wanakesha kwenye Ziwa Victoria na taa zao, na nikisikia injini zinarudi ufukweni najua ni saa 11. Nafanya ishara ya msalaba nikiwa bado kitandani, kisha naketi sebuleni na Biblia. Kesho ni Dominika na padre hayupo. Kigango chetu, tawi dogo la parokia, kinampata mara moja kwa mwezi, kwa hiyo Dominika nyingine tunafanya ibada ya Neno na mimi ndiye ninayeiongoza. Injili ya kesho naisoma mara tatu. Mara ya tatu naisoma nikiwafikiria watoto tu: neno gani hapa watalikwaa?

Saa 12 asubuhi

Kengele yetu ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe mbele ya kanisa. Napiga kwa kipande cha nondo: mapigo matatu, natulia, matatu, natulia, matatu, kisha tisa mfululizo. Kisha naanza sala: Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria. Kutoka chanja za dagaa kule chini namsikia mama mmoja akiitikia kwa sauti, naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, huku mikono yake ikiendelea kutandaza dagaa. Huyo alifundishwa sala hii na bibi yake. Hakuwahi kukaa darasani kwangu, lakini ndiye mwalimu mwenzangu, maana watoto wanaoshinda pale chanjani wanaishika sala kwake kabla hawajafika kwangu.

Saa 1

Namwagilia mchicha, nakunywa uji, naandaa vitu. Mshumaa. Biblia kubwa. Kitambaa cheupe. Kondoo 10 wa udongo tuliowafinyanga na watoto mwaka jana (mmoja amevunjika mguu, na watoto hawataki nimbadilishe). Wakati wa kufunga mlango simu inaita. Ni mzazi anayeuliza gauni la Komunyo liwe na mikono mirefu au mifupi. Namjibu kwa upole, kisha namuuliza kama binti yake anasali nyumbani jioni. Kimya kidogo. "Tutaanza, mwalimu." Simlaumu, maana maisha ni magumu na sherehe ni furaha ya ukoo mzima. Ila inaniuma kuona gauni linatafutwa miezi mitatu na sala inaachiwa wiki ya mwisho.

Saa 3

Wadogo, wa miaka 4 hadi 6, tunakaa kwenye mkeka chini ya mwembe. Kwanza kabisa tunanyamaza. Watu hudhani mtoto mdogo hawezi kunyamaza. Anaweza, ukimpa sababu. Nawasha mshumaa, nasema kwa sauti ya chini, "Tumsikilize Yesu," nao wanautazama ule mwali bila kutikisika, midomo wazi. Dakika moja, siku nyingine mbili. Ukimya huo ni sala kamili, na ningekuwa na uwezo ningewaomba walimu wote wa watoto wasiuruke kwa haraka ya kufika kwenye nyimbo.

Kisha mchungaji mwema, Luka sura ya 15. Nawasogeza kondoo polepole kwenye kitambaa, namficha mmoja nyuma ya jiwe. Hawa ni watoto wa wafugaji, kaka zao wanachunga kila siku, kwa hiyo hawasikilizi kama watoto wa mjini. Mmoja, hata shule hajaanza, akainua mkono:

"Mwalimu, wale wengine aliwaachia nani?"

"Luka anasema aliwaacha nyikani."

"Nyikani kuna fisi!"

Wakaanza kujadiliana wao kwa wao. Mmoja akasema aliwaachia kaka yake. Mwingine akasema hapana, alijua watamngoja kwa sababu wanaifahamu sauti yake. Hiyo ya sauti imo katika Yohana sura ya 10, na sikuwa nimewasomea bado. Sikuongeza kitu. Niliwaacha kila mmoja amtoe yule kondoo nyuma ya jiwe kwa zamu yake, na kila mmoja alimrudisha amembeba begani, ingawa sikuwaambia wafanye hivyo.

Saa 5

Darasa la Komunyo ya Kwanza, watoto 23, ndani ya kanisa. Wengi wana miaka 8 au 9. Zamani mtoto alingoja mpaka 10, 12, hata 14, hadi Papa Pio wa 10 alipoagiza mwaka 1910 kwamba akifikia umri wa kutumia akili, yapata miaka 7, na akaweza kuutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida, asizuiwe. Agizo hilo nalirudia kwa wazazi kila mwaka, kwa sababu linaonyesha kinachotakiwa kwa mtoto: amjue anayekwenda kumpokea. Majibu yaliyokaririwa kama hesabu za kuzidisha hayamfikishi huko.

Leo tulikuwa tunamalizia Baba Yetu. Tumeitumia wiki sita, sentensi moja kwa wiki. Najua wengine wanaona ni kupoteza muda kwa sala ambayo mtoto "anaijua" tangu akiwa na miaka mitatu. Lakini niliwahi kuwasikiliza mmoja mmoja. Wengi walisema "utuokoe maovuni". Wengine "utupoe". Mmoja alikuwa anatikisa midomo tu mpaka Amina.

Sala yetu inasema utuopoe. Kuokoa ni neno zuri, halina kosa, ila kuopoa kuna mkono ndani yake. Kitu kimetumbukia, kiko chini, chenyewe hakiwezi kupanda, na mtu anainama, anaingiza mkono au ndoano, anakitoa. Nikawauliza, "Nani amewahi kuopoa kitu?" Mikono yote juu. Ndoo iliyokatika kamba kisimani. Ndala iliyotumbukia majini. Kijiko ndani ya chungu cha uji. Binti mmoja alionyesha jinsi mama yake alivyolala kifudifudi ukingoni mwa kisima, miguu imeshikwa na shangazi, ili aifikie ndoo. Akalala kabisa sakafuni kutuonyesha. Nikasema, basi ndivyo tunavyomwomba Baba: ainame mpaka tulipo.

Ndipo mvulana mmoja aliyekuwa benchi la nyuma akasema, bila kuinua mkono:

"Baba yangu aliopolewa."

Watoto wote walijua. Kijiji kizima kinajua. Mtumbwi ulipinduka mwaka jana kwenye upepo wa usiku. Nami nilijua, na sikuwa nimefikiri. Nimeishi kando ya Ziwa hili maisha yangu yote, na neno hilo tunalisikia redioni na misibani karibu kila msimu, mwili umeopolewa, lakini nilipokuwa naandaa somo niliwaza ndoo tu.

"Walimwopoa siku ya tatu," akasema.

Yule binti aliyelala sakafuni akaketi. "Yesu siku ya tatu alifufuka," akasema. Hakuwa na ubaya. Ni maneno ya Nasadiki, anayajua vizuri.

"Baba hakufufuka," mvulana akajibu.

Nilikwenda nikakaa benchi la nyuma, karibu naye.

"Bado," nikamwambia.

Akanitazama. Nikarudia. Bado. Nikamwomba aseme mwisho wa Nasadiki, naye akausema taratibu: ufufuko wa miili, uzima wa milele. Nikawaambia wote kwamba miili maana yake miili, hii tunayoioga na kuivika, hata ile iliyochukuliwa na maji, na kwamba Kanisa linaposema hivyo kila Dominika linawataja wafu wetu, baba yake akiwamo. Sikujaribu kueleza kwa nini upepo ulivuma usiku ule. Mtoto hakuuliza hilo, na nisingependa kumpa jibu la kutunga juu ya kifo cha baba yake.

Tukasimama, tukasali Baba Yetu nzima. Nilimsikia nyuma yangu. Alipofika kwenye "utuopoe" alinyamaza, akaendelea na Amina. Sikumgusa.

Saa 6 mchana

Kengele, Malaika wa Bwana, watoto wanatawanyika. Matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga kwa chakula cha mchana. Nusu saa ya kulala, ambayo sikulala.

Saa 8

Nilikwenda kwa bibi yake, ndiye anayeishi naye. Nilipiga hodi nikamwamkia, "Shikamoo bibi. Tumsifu Yesu Kristo." "Marahaba. Milele amina, karibu mwalimu." Akanipa kigoda. Mvulana alikuwa anapepeta mahindi uani, na alipoona ni mimi alidhani nimekuja kushtaki.

Bibi alinieleza kwamba tangu msiba mtoto hashuki ziwani kuteka maji, anakwenda kisima cha mbali, na usiku hulala akiwa ameshika blanketi la marehemu. Kusali anasali. "Ila akifika kwenye Baba," bibi akasema, "anafumba mdomo. Nikadhani ni utundu."

Katika miaka yangu ya kufundisha nimekutana na watoto wengi wa namna hiyo. Kuna asiyemjua baba yake. Kuna ambaye baba akirudi usiku watoto wanajificha. Sisi tunaingia darasani tukasema "Mungu ni Baba" kana kwamba neno hilo ni tamu kwenye kila mdomo. Sithubutu kulibadilisha, maana ndivyo Bwana mwenyewe alivyotufundisha kusali, lakini nimejifunza kuuliza kwanza kila mtoto analibebaje.

Nikamwita mvulana akaja akakaa. Nikamuuliza kama anataka nimfundishe sala ya kumwombea baba yake. Akakunja uso.

"Kumbe naweza kumwombea?"

"Unaweza. Leo, na kila siku."

"Hata mimi ambaye sijapokea?"

"Ulibatizwa. Unaweza."

Ni sala fupi, wakubwa tunaisema haraka makaburini bila kuisikia. Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Tulikwenda neno kwa neno. Alisimama kwenye "mwanga". Akauliza kama ni mwanga kama wa taa za wavuvi. Nikamwambia ni mkubwa kuliko huo, hauzimwi na upepo. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, anatusindikiza kwa midomo bila sauti.

Saa 10

Utoto Mtakatifu, hapo tunakuwa wengi, wakubwa kwa wadogo, na ngoma. Kila Jumamosi nawakumbusha shirika lao lilivyoanza: mwaka 1843, Askofu Charles de Forbin-Janson wa kule Ufaransa, akiwawaza watoto wa China, aliwaomba watoto wa kwao Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi. Watoto wawasaidie watoto. Hapa kwetu sarafu ni adimu, kwa hiyo kikapu kilipata mayai manne, kikombe cha dagaa na shilingi mia mbili.

Wakaomba hadithi ya Mtakatifu Kizito, shahidi wa Uganda. Hawaichoki, nami siichoki. Naianzia hapa hapa kwetu, kwa sababu imani iliyomfikia ilipita kwenye maji haya: wamisionari Padre Siméon Lourdel na Bruda Amans waliondoka Kageye, huku kwetu Magu, kwa mtumbwi, wakatia nanga Buganda Februari 1879. Kizito alikuwa mtumishi mdogo katika ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, wa miaka kama 14, aliyeomba ubatizo mara nyingi akaambiwa angoje. Usiku mmoja wa Mei 1886, mapadre hawapo na hukumu ya kifo imeshajulikana, Karoli Lwanga, kiongozi wa watumishi vijana wa ikulu, akambatiza. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo.

"Nani alimfundisha sala?" akauliza mmoja.

Wenzake ikulu, nikamjibu, na makatekista. Vijana waliokuwa wamejifunza jana walimfundisha wa leo. Yule mvulana alikuwa amekuja, amesimama karibu na ngoma. Nikaona anamshika mdogo mmoja mkono, anamrekebisha ishara ya msalaba: bega la kushoto kwanza, ndipo la kulia.

Saa 12 jioni

Nilipochukua nondo akaniomba apige yeye. Nikamwonyesha. Tatu, tulia. Tatu, tulia. Tatu. Kisha tisa. Alihesabu kwa sauti, na kwenye tisa mikono yake ilikuwa imechoka.

Kwetu baada ya Malaika wa Bwana tunawaombea marehemu. Kawaida ninaanza mimi. Leo nilimtazama, naye akaanza: "Raha ya milele umpe ee Bwana." Mmoja, wala si wengi. Watoto wakageuka kunitazama kama waseme "uwape" tulivyozoea. Nikaitikia na "umwangazie", nao wakanifuata. Alisahau katikati, wakamvusha.

Kesho ibada ni saa 2. Kitambaa cha altare bado hakijapigwa pasi, na makaa yaliyobaki ni machache.