Tulivyopotea juu ya Capileira, tukaokolewa na mfongo

Nianze na walionishauri vibaya, maana wao ndio walionitia hamu ya kuandika. Wa kwanza aliniambia Uhispania ni joto, nibebe dera na ndara, basi. Wa pili akasema bila gari la kukodi vijiji vya milimani sivifikii. Wa tatu ndiye niliyemwamini, kwa kuwa yeye amewahi kwenda: eti kuna basi dogo linalopanda kutoka kijijini mpaka karibu na kilele cha Mulhacén, "mnashuka, mnatembea kidogo tu, mmefika." Wote watatu nitawasamehe, lakini si leo.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na huu ni mwaka wa kumi na moja niko Ujerumani nikihudumia wazee. Shoga yangu wa kazini ni Mchaga wa Kibosho. Mwezi wa Mei tulipata likizo ya siku sita kwa pamoja, jambo ambalo kwa zamu zetu ni adimu kama wali wa daku. Yeye alitaka milima. Mimi nilitaka kuona walikoishi Waislamu wa Andalusia, lakini si majumba ya wafalme tu. Tukaafikiana Capileira, kijiji cha Alpujarra, upande wa kusini wa milima ya Sierra Nevada. Alhambra, kasri la wafalme hao, tuliipitia siku moja tukiwa Granada. Imeshaandikwa na kila mtu, siigusi.

Gari halikuhitajika. Basi la kawaida la abiria linatoka Granada mara chache kwa siku, linapita Lanjarón, mji wa chemchemi na maji ya chupa, kisha Órgiva, halafu linaanza kona. Kona zile! Dereva alikuwa akipinda kwa mkono mmoja huku akizungumza na mama wa kiti cha mbele, na mimi nikisoma kila dua niliyofundishwa chuoni. Nauli sikumbuki sawasawa, haikufika euro kumi. Safari ilikuwa karibu saa tatu. Kaeni upande wa kulia kama mnapenda kuona korongo, na wa kushoto kama mnapenda kufika na akili zenu.

Vijiji ni vitatu, vimening'inia juu ya korongo la mto Poqueira: Pampaneira chini, Bubión katikati, Capileira juu kwenye mita 1,436. Kuta nyeupe, paa bapa, mabomba ya moshi yamevaa vikofia. Tulipoingia kwenye vichochoro nilisimama ghafla, shoga yangu akanigonga na sanduku mgongoni.

"Umeona nini, dada?"

"Wikio."

Chumba kimejengwa juu ya njia kikaunganisha nyumba mbili, na chini yake watu wanapita kivulini. Huko wanakiita tinao. Lamu ni wikio, na mimi nilikuwa nikicheza mdako chini ya moja hadi magharibi. Nyumba zenyewe zimejengwa kwa akili ileile: sisi tunaweka boriti za mikoko, wao za miti ya chesnati, kwa hiyo upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa mti. Juu ya boriti wanalaza mawe bapa, kisha udongo wa kijivu unaoitwa launa, ambao ukilowa hugandamana na kuzuia maji. Mama mwenye nyumba tuliyopanga alituambia udongo huo hutandazwa mwezi ukiwa unapungua, vinginevyo paa litavuja. Sikubisha. Kwetu pia mbao hazikatwi ovyo ovyo.

Usiku wa kwanza nilijua kwamba yule wa dera na ndara hanipendi. Baridi ilipanda kutoka kwenye mawe ya sakafu ikaniingia magotini. Nilikuwa na jozi mbili za leso. Moja nikaifunga kiunoni, nyingine nikajitanda, ya tatu nikaviringa miguu, na ile ya nne shoga yangu akaniomba kwa adabu sana. Mtu akiniuliza nini cha kubeba milimani, namwambia leso. Tulizifanya shali, taulo, mkeka wa kuswalia, kifungashio cha mikate, na siku ya tatu bendeji ya kifundo cha mguu.

Sasa niwaambie habari ya chakula, na hapa nitachukua muda.

Alpujarra ni nchi ya nguruwe. Bonde la pili kuna Trevélez, mita 1,476, ambako mapaja ya nguruwe hutiwa chumvi na kuachwa yakauke kwa hewa ya baridi ya mlimani miezi mingi, na sifa yake imeenea Uhispania nzima. Mkahawa wa kwanza tulioingia, mapaja yalikuwa yamening'inia darini kama popo, mojawapo juu ya kichwa changu kabisa. Nikasema sentensi niliyoikariri kwenye ndege: sin carne, yaani bila nyama. Mhudumu akaitikia kwa heshima. Akaleta maharage mabichi mazuri, na ndani yake vipande vidogo vyekundu.

"Hivi nini?"

"Jamón."

Nikarudia: bila nyama. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeshtakiwa bure. Akaeleza kwa mikono na kwa upole kwamba hii si nyama, ni jamón. Nyama ni kitu kingine! Shoga yangu, Mkatoliki asiye na shida na nguruwe, alicheka hadi akashika meza. Akala sahani yake, kisha akala na yangu.

Kesho yake nikajipanga upya: no como cerdo, sili nguruwe. Wakaniletea supu isiyo na kipande hata kimoja, ila mfupa ulikuwa umechemkia humo tangu asubuhi. Mara ya tatu nikataja nguruwe kwa viungo vyake vyote kama mchinjaji. Ndipo nikapata papas a lo pobre, viazi vya kimaskini: viazi, vitunguu na pilipili hoho, vimekaangwa polepole kwa mafuta ya zeituni, na yai juu. Nilivila siku nne mfululizo na sijutii. Ila jikoni hawawashi moto kabla ya saa mbili na nusu usiku. Ukienda saa kumi na mbili ukiwa na njaa ya mlima, utapewa zeituni na pole.

Wakati nikitafuna viazi nilikumbuka kwamba baada ya Granada kuanguka mwaka 1492, na Waislamu kulazimishwa kubatizwa, mtu wa hapa aliyekataa nguruwe alikuwa anajitia mashakani. Jirani angeweza kumshtaki kwa Baraza la Kuhukumu Wazushi. Mimi nimekataa mara tatu na nimeishia kuletewa viazi.

Kihispania sikijui, lakini niligundua kitu ambacho sitakificha. Wazee wa kijiji hukaa jioni kwenye viti vya mawe uwanjani, baraza hasa, na mimi nilikaa karibu nikatega sikio. Mmoja akasema fulano. Nikashtuka: fulani! Kisha hasta, ambayo ni hatta yetu, imetoka kwenye Kiarabu kilekile. Tangu hapo nikawa kama mtoto anayeokota makombe pwani. Limón, limau. Azúcar, sukari. Azafrán, zafarani. Berenjena, bilingani. Mkuu wa kijiji ni alcalde, yaani al-kadhi. Na mesa ni meza, bandera ni bendera, hizo zimetufikia kwa Wareno. Usiku ule niliagiza bilingani la kukaanga lenye asali ya miwa na chai ya limau kwa sukari bila kufungua simu, nikaletewa nilichotaka. Shoga yangu hakucheka tena. Baadaye tulifika Pampaneira, ambako kuna chemchemi yenye maji yanayosifiwa kumpatia mchumba mtu asiyeoa au kuolewa. Nilicheka mimi. Alikunywa viganja vitatu na kujaza chupa.

Basi, mlima. Mulhacén una mita 3,479, hakuna mrefu kuliko huo katika rasi nzima ya Iberia, na jina lake ni Mulai Hasan, sultani wa Granada, babake Abu Abdullah ambaye Wahispania humwita Boabdil. Shoga yangu aliuangalia akapiga mdomo. "Mita 3,479? Dada, mimi nimezaliwa chini ya Kibo. 5,895!" Nikamuuliza amepanda mara ngapi. Akasema swali si hilo.

Asubuhi tukaenda kuuliza basi dogo. Lipo, kweli. Linakwenda majira ya joto, na sisi tulikuwa Mei, na huko juu theluji bado imelala. Kijana wa ofisi ya hifadhi aliangalia viatu vyangu kwa muda mrefu bila kusema neno.

Tukaamua kutembea tu tufike tutakapofika. Njia ya kushuka mtoni na kupanda bonde ina alama za rangi nyeupe na njano kwenye mawe, hata mtoto anaifuata. Tukafika La Cebadilla, kijiji kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo cha umeme wa maji, sasa nyumba zimebaki tupu na kanisa lake. Hapo ndipo ingetupasa kula mikate yetu na kurudi. Lakini Mchaga alikuwa ameona njia ya mbuzi inayokata kona, na mbuzi, alisema, hapotei.

Mbuzi hapotei kwa sababu hana anakotaka kwenda. Baada ya saa moja na nusu njia zilikuwa kumi, kisha hazikuwepo. Wingu likashuka mlimani kama mtu aliyefunga pazia. Simu yangu ilikuwa imekufa kwa baridi na yake ilikuwa imepigia picha mpaka ikaisha. Nikateleza kwenye jiwe, kifundo kikauma, ndiyo ile leso ya bendeji. Nilikaa chini nikaanza kumlaumu yeye, Kibo, na wazazi wake wote.

"Dada, nyamaza," akasema. "Sikiliza."

Maji. Nikamwambia maji yapo kila mahali, theluji inayeyuka. Akatikisa kichwa. "Haya hayateremki. Yanatembea. Maji yakitembea hivi, kuna mtu ameyapangia." Akapanda hatua kama hamsini kwenye mteremko, kisha nikasikia kelele za furaha: "Mfongo! Dada, huu ni mfongo!"

Ulikuwa mtaro mwembamba, kingo za mawe na udongo, umekatwa ubavuni mwa mlima karibu usawa kabisa, maji yakienda kwa mwendo wa mtu mzima. Kwao Kilimanjaro mifereji kama hiyo huleta maji ya mlimani kwenye migomba na kahawa, na kila ukoo una zamu yake. Kanuni yake ilikuwa moja: fuata mfongo yanakokwenda maji, utakuta shamba, na penye shamba pana mtu. Pembeni kuna kijia cha wanaousafisha, hakina mlima wala mteremko, hata mguu wangu ulikikubali. Kabla hatujaondoka nilitawadha pale kingoni, maji yakikata vidole kwa baridi, nikatandika leso nikaswali adhuhuri na alasiri. Waislamu wa huku waliobatizwa kwa nguvu walikatazwa lugha yao, mavazi yao na hamamu zao mwaka 1567. Mwaka uliofuata, Krismasi, wakaasi, wakamtawaza Aben Humeya awe mfalme wao. Vita vikadumu mpaka 1571. Walioshindwa walitawanywa kwingine Uhispania, na nyumba zao wakapewa walowezi wa kutoka Galicia, León na kwingineko. Sijui ni nani wa mwisho kutawadha pale kabla yangu. Shoga yangu alisubiri kimya, ameshika viatu vyangu.

Tulifuata maji zaidi ya saa moja. Wingu likapasuka, na kwenye bustani ya ngazi ngazi tukamkuta mzee na koleo anazibua mtaro. Hakushangaa hata kidogo. Akaonyesha chini: paa za Capileira.

Mama mwenye nyumba alituelezea jioni. Mtaro wanauita acequia, neno la Kiarabu, na iliyo ya juu kabisa haipeleki maji shambani moja kwa moja: inayamwaga kwa makusudi kwenye miteremko yanywewe na ardhi, na wiki au miezi baadaye hutokea kwenye chemchemi za chini, wakati wa ukame ambapo theluji imeshakwisha. Mingi iliachwa ikafukiwa, na Chuo Kikuu cha Granada pamoja na watu wa kujitolea wamekuwa wakiifukua. Akaongeza wanachosimulia wazee, kwamba Waislamu walipofukuzwa kila kijiji kiliachiwa familia mbili, ziwafundishe wageni kuongoza maji.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa kituoni na mizigo, pamoja na zulia la jarapa nililonunua Bubión, linalofumwa kwa vipande vya matambara, euro ishirini na kitu baada ya kubembeleza. Basi lilikuwa bado dakika ishirini. Shoga yangu akampigia babu yake Kibosho, simu ikawa kwa sauti ya juu.

"Babu, hawa watu wana mfongo!"

Kimya. Kisha mzee akauliza: "Na zamu za maji anagawa nani?"

Tukatazamana. Hatukuwa tumeuliza. "Subiri, babu," akasema, na tukaacha masanduku kwa mwenye duka tukapanda mbio kumtafuta yule mzee wa koleo. Tulimpata, na jibu tulilipata: kuna mtu maalumu wa mfereji, acequiero, na kila shamba lina saa zake. Babu aliridhika sana. Basi lilikuwa limeshaondoka, na usiku ule mmoja wa ziada tulilipa nusu kwa nusu, viazi juu yake.